Karatasi ya chooni isiyokula miti bure: namna ya kuchagua, hatua kwa hatua

Fundi alifunua chemba ya uani, akaingiza waya wake wenye ndoano, akavuta. Kikatoka kitu cha kijivu, kimesokotana kama ukili, kirefu kuliko mkono wangu. Akakining'iniza mbele ya uso wangu. "Dada, hii siyo karatasi. Hii ni nguo."

Vilikuwa vile vitambaa vya maji vya kufutia watoto, waipsi. Mgeni wetu alikuwa akivitupa chooni wiki mbili nzima kwa kuwa pakiti ilisema ni ruksa. Nikamlipa fundi, nikalipa na gari la majitaka. Tangu siku hiyo sinunui kitu cha kujifutia bila kugeuza pakiti na kusoma mgongo wake.

Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba karatasi ina maisha mengi. Nyuzi za mti zikishakuwa karatasi ya kuandikia zinaweza kukusanywa, kulowekwa, kuondolewa wino na kutengenezwa karatasi nyingine, mara tano hata saba, na kila mara zinakatika na kuwa fupi zaidi. Daftari linakuwa boksi, boksi linakuwa trei ya mayai. Tishu ndiyo kituo cha mwisho, maana ikishatumika hakuna anayeirudisha kiwandani. Sasa kuchukua mti mbichi, ambao nyuzi zake zingehudumia wanafunzi na wauza mayai kwa miaka, ukaupeleka moja kwa moja kituo cha mwisho, ni sawa na kupasua mbao mpya ya mninga uwashie jiko la chai.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kwenda dukani

Kila ukifungua roli mpya, andika tarehe kwa kalamu kwenye boksi la katikati, ule mrija wa karatasi ngumu, na herufi ya mahali inapokaa: C ya chooni, J ya jikoni, M ya mezani. Fanya hivyo mwezi mmoja tu. Kwetu tulikuwa tunamaliza roli nne kwa wiki na mimi nilikuwa nawalaumu watoto. Boksi zilipojikusanya, karibu nusu zilikuwa na J. Tulikuwa tunakausha samaki, tunafuta meza, tunafuta jiko, tunafuta kila kitu kwa karatasi ya chooni, na mfutaji mkuu nilikuwa mimi.

Bila hesabu hii utahangaika kutafuta karatasi nzuri ya chooni wakati tatizo lako liko jikoni.

Hatua ya 2: Maji yatangulie

Kwa watu wa pwani hili halina mjadala. Katika habari za China zilizoandikwa kwa Kiarabu mwaka 851, msimulizi anawashangaa Wachina kwa kuwa hawachambi kwa maji, wanajifuta kwa karatasi tu. Bibi yangu wa Tanga angemwelewa mara moja.

Ukichamba kwa maji, kazi ya karatasi inabaki kukausha, na kukausha kunataka vipande viwili au vitatu. Kopo la lita moja linatosha. Kama una maji ya bomba ndani, funga shawa ndogo ya kuchambia pembeni mwa choo, ile ambayo ndugu zetu wa Oman na Dubai wanaiita shatafu. Mwambie fundi aiwekee koki yake peke yake, na watu wote wa nyumbani wazoee kuifunga kila wanapomaliza. Mpira ukiachwa na presha ya maji usiku kucha, siku moja utapasuka, na utaamka umeogelea.

Wanaotaka kuacha karatasi kabisa wakaushe kwa kitambaa. Kata kanga kuukuu vipande vya ukubwa wa kiganja na nusu, pinda kingo, kila mtu na rangi yake. Nasema kuukuu kwa makusudi. Kanga mpya bado ina ule ugumu wa dukani, inasukuma maji badala ya kuyanywa. Vitambaa hivi ni vya kukaushia baada ya kuchamba, si vya kujifutia. Vifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, vianikwe juani, si kwenye kamba ya bafuni.

Ila ushauri huu una mpaka. Mahali ambapo kila ndoo ya maji inanunuliwa na kubebwa, karatasi ina nafasi yake, na sitamwambia mtu wa namna hiyo amwage lita tano ili kuokoa vipande vitano.

Hatua ya 3: Jua choo chako kinaishia wapi

Hapa ndipo wengi wanaponunua kitu kizuri kwa nyumba isiyokihitaji.

Kama una karo, au umeunganishwa na bomba la majitaka la mji, unataka karatasi inayosambaratika haraka: tabaka moja au mbili, basi. Zile nene za tabaka tatu, laini kama pamba, ndizo zinazochelewa kulainika kwenye bomba lenye mteremko mdogo, na mabomba mengi ya nyumba zetu mteremko wake aliupima fundi kwa jicho.

Kama ni choo cha shimo, tishu nyembamba haina shida, ila kurasa za daftari na magazeti hukaa muda mrefu bila kuoza na shimo linajaa mapema. Pampasi na pedi ndizo balaa: mpira wa gari la majitaka ukinyonya pampasi, kazi imesimama.

Na kama mnatupa karatasi kwenye ndoo pembeni ya choo, suala la kusambaratika halikuhusu. Kwako linabaki swali moja, nyuzi zimetoka wapi. Ndoo hiyo iwe na kifuniko. Kumbuka pia kwamba kwa wakazi wa Dar es Salaam ikiondoka hapo inakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na karatasi ikioza chini ya lundo bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kuongeza joto duniani inaipita mbali hewa ya ukaa. Ndiyo maana hatua ya maji nimeitanguliza.

Kuhusu waipsi sina la kupunguza. Nyingi zimechanganywa na nyuzi za plastiki, na hata zile zisizo na plastiki zimesokotwa zisichanike zikilowa. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, mafundi walikuta bonge la mafuta ya kupikia yaliyogandamana na waipsi, urefu mita 250, uzito tani 130. Neno kwenye pakiti kwamba zinaruhusiwa chooni lina maana kwamba zitapita kwenye tundu la choo. Zitakakofika baada ya hapo ni juu yako na fundi wako.

Hatua ya 4: Soma pakiti

Anza na asili ya nyuzi. Ukiona "virgin pulp", mara nyingi kwa herufi za dhahabu kana kwamba ni sifa, maana yake ni mti mbichi. Ulaini unaotangazwa unatokana hasa na mikaratusi, ambayo nyuzi zake ni fupi. Misindano ina nyuzi ndefu, ndiyo inayozuia karatasi isichanike mkononi. Rojo ya mikaratusi inayouzwa duniani inatoka kwa wingi Brazil, kwenye mashamba makubwa ya mti wa aina moja. Kuipata rojo hiyo ni lazima mbao zikatwe vipande na kupikwa kwa kemikali. Waliokaa Webuye, magharibi mwa Kenya, enzi za kile kiwanda kikubwa cha karatasi hawahitaji kuelezwa: harufu walikula nayo, na Mto Nzoia ulipokea yaliyobaki.

Neno unalolitafuta ni "recycled", yaani iliyorejelewa kutoka karatasi chakavu, na kando yake asilimia. Asilimia 100 ndiyo nzuri. Wengine huongeza "post-consumer", yaani karatasi iliyokwisha kutumiwa na watu, maofisini na mashuleni. Hiyo ni bora zaidi kuliko vipande vilivyokatwa pembeni kiwandani, kwa kuwa hivyo vya kiwandani vingerudishwa kwenye mtambo hata bila wewe.

Wala hatuhitaji kuagiza mbali. Chandaria Industries ya Nairobi imejulikana miaka mingi kwa kutengeneza tishu kutokana na karatasi chakavu, na hawako peke yao. Ile roli ya kijivu kwenye duka la mtaani, ambayo ukiwa na wageni unaificha, inaweza kuwa inajali misitu kuliko ile iliyovuka bahari ikiwa na picha ya jani la kijani. Hata roli za waridi na bluu, mara nyingi rangi imewekwa kufunika kijivu cha karatasi chakavu. Rangi yenyewe haikusaidii kitu, na manukato ndiyo kabisa. Mwenye ngozi nyepesi, hasa wanawake, achague isiyo na rangi wala harufu.

Usidanganywe na weupe pia, huku wala huku. Karatasi chakavu inaweza kuoshwa wino na kupaushwa ikawa nyeupe pe. Ukitaka kubahatisha, muombe muuza duka taa yake ya zambarau ya kukagulia noti bandia, uimulike karatasi gizani. Karatasi za ofisini huwekewa dawa ya kung'arisha ambayo chini ya taa hiyo huwaka bluu. Tishu ikiwaka, hasa kwa madoadoa, kuna uwezekano mkubwa imetokana na karatasi za ofisini. Sio ushahidi wa mahakamani, kwa kuwa kuna viwanda vinavyotia dawa hiyo kwenye rojo mpya, lakini inachekesha na inafundisha. Mangi wa dukani kwetu sasa ananiita mkaguzi.

Kama imepaushwa, tazama herufi tatu. TCF ina maana hakuna klorini kabisa. Wametumia oksijeni, ozoni au dawa za namna hiyo. ECF ina maana hawakutumia gesi ya klorini, wametumia klorini dioksaidi, ambayo ina nafuu kubwa. Gesi ya klorini ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiacha sumu ya dioksini kwenye mito. Karatasi ya kahawia isiyopaushwa imeyakwepa yote hayo.

Kisha nembo. FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa mwaka 1993, lina alama ya mti na tiki, na chini yake moja ya maneno matatu. "Recycled" maana yake nyuzi zote zimerejelewa. "100%" maana yake nyuzi zote ni mpya, kutoka misitu iliyokaguliwa. "Mix" ni mchanganyiko, ndiyo utakayoiona sana, na ndiyo dhaifu ya zote tatu. Nembo ya kweli ina namba inayoanza na herufi C, na unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya FSC ukaona kampuni yenyewe ni ipi. Nembo za TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ni kitu kingine: zinakuhakikishia ubora wa bidhaa, hazisemi chochote kuhusu msitu. Maneno "eco" na "natural" ni mapambo. "Biodegradable" nayo ni kweli isiyo na kazi, kwani kuna karatasi isiyooza?

Mianzi, je? Inakua haraka, unaikata baada ya miaka mitatu hadi mitano na inachipua yenyewe bila kupandwa upya. Sisi tunaijua Iringa kwa pombe ya ulanzi, ila tishu za mianzi nyingi zinatoka China. Ni nzuri kuliko mti mbichi, haiishindi karatasi chakavu. Halafu uaminifu: mwaka 2024 shirika la walaji la Uingereza, Which?, lilipima karatasi za chooni zilizouzwa kama za mianzi likakuta baadhi zina mianzi kiduchu na zilizobaki ni miti ya kawaida. Kwa bei yake, mimi nimeziacha.

Hatua ya 5: Nunua kwa mzani

Idadi ya roli haina maana. Hata idadi ya vipande haina maana, kwa kuwa vipande vinafinywa kila mwaka, na boksi la katikati linatanuka mpaka unaweza kupitisha ngumi. Kitu unachonunua ni uzito wa karatasi.

Chukua roli moja ya kila aina, ipime kwenye mzani wa jikoni, au ule wa dukani wa sukari. Ikiisha, pima boksi la katikati, ulitoe. Tuseme roli ya kwanza ni shilingi 500, ina gramu 60, na boksi lake ni gramu 8. Umenunua gramu 52 za karatasi, karibu shilingi 9.6 kwa gramu. Ya pili ni shilingi 800, gramu 112, boksi gramu 5. Hapo ni gramu 107, karibu shilingi 7.5 kwa gramu. Ile uliyoiona rahisi ndiyo ghali.

Na kwa mazingira? Roli kubwa iliyokazwa ina boksi moja na naironi moja kwa karatasi nyingi, na lori moja linabeba karatasi badala ya hewa. Ibonyeze kwa vidole: iliyolegea imejazwa upepo.

Tabaka ni suala la mkono wako. Watu wenye tabaka moja huvuta vipande vingi zaidi, wenye tabaka tatu huvuta vilevile kwa mazoea. Tabaka mbili zilizorejelewa ndizo zilizotuletea amani nyumbani.

Hatua ya 6: Jaribio la chupa

Jaza maji nusu kwenye chupa pana yenye mfuniko. Tia kipande kimoja cha karatasi ya chooni, tikisa kwa nguvu huku ukihesabu hadi ishirini. Karatasi nzuri itakuwa uji, au vipande vidogo vinavyoelea. Rudia kwa tishu ya uso, kisha tishu ya jikoni. Utaziona zinazunguka nzima nzima: zimetiwa gundi maalumu ili zisichanike zikilowa. Basi hizo mbili zisiguse choo chako kamwe, hata siku karatasi imeisha na mgeni yuko ndani. Fanya jaribio hili mbele ya watoto na dada wa kazi. Ukishaona kwa macho, hakuna wa kukukumbusha.

Hatua ya 7: Jikoni, mezani na puani

Hapa ndipo tulipookoa zaidi ya chooni.

Chapati, sambusa na bajia hazihitaji karatasi ya kunyonya mafuta. Weka chujio kubwa la waya juu ya sufuria, zichuruzike hapo. Mafuta yanabaki yako. Magazeti usitumie, wino wake si wa kuliwa. Hata tishu iliyorejelewa ya chooni isikae na chakula chenye mafuta ya moto, maana mabaki ya wino yanaweza kuhama. Ukihitaji karatasi kwa chakula, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na roli moja iwe ya miezi.

Kwa kufuta meza na jiko, vitambaa. Fulana kuukuu ya pamba ni bora kuliko kitambaa chochote cha kununua. Kaa na vitatu: cha meza, cha jiko, cha sakafu, na visikutane kwenye beseni moja.

Mezani, rudisha birika na beseni. Mgeni akinawishwa vizuri na kupewa taulo safi, hataomba tishu. Zile tishu za mezani zilizokunjwa kama ua kwenye glasi, nyingi hutupwa hazijaguswa.

Puani, leso ya mfukoni kwa siku za kawaida. Ukiwa na mafua, tumia tishu, itupe kwenye ndoo, nawa mikono. Siku hizo tatu nne si wakati wa kuhesabu miti.

Hatua ya 8: Kununua na kutunza

Nunua bunda kubwa kwa bei ya jumla, hata kwa kuchangiana na jirani. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Juni 1, 2019 iligusa mifuko ya kubebea. Naironi ya kufungia bidhaa ilibaki. Bunda moja kubwa lina naironi pungufu kuliko roli arobaini zilizovikwa moja moja. Ukipata iliyofungwa kwa karatasi, hiyo.

Usitunze bafuni. Unyevu wa pwani unazivimbisha. Juu ya kabati panafaa, mradi bunda limefungwa vizuri, panya wanapenda sana kuzitafunia viota. Wenye watoto wadogo wabonyeze roli kidogo kabla ya kuitundika, isiwe duara kamili. Mtoto akivuta haikimbii hadi sebuleni.

Maboksi ya katikati ni vyungu vya miche. Kata nusu, jaza udongo, otesha nyanya au pilipili, uzike mche pamoja na boksi lake.

Mwisho, kiwanda hakiwezi kukuuzia karatasi iliyorejelewa kama hakuna anayeirudisha. Desemba, shule zikifungwa, kusanya madaftari yaliyokwisha, toa pini na jalada la plastiki, yafunge kavu. Wanaonunua maboksi mtaani wengi wanachukua na karatasi nyeupe. Tishu zilizotumika zisiwemo, wala karatasi yenye mafuta ya chipsi.

Na risiti. Risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, na za mashine za benki ni karatasi ya joto, imepakwa kemikali usoni, mara nyingi za jamii ya bisfenoli. Ikichanganywa na madaftari inaingia kwenye rojo, na inaweza kukurudia ukiwa umekaa chooni. Ikwaruze kwa ukucha. Ukiona mstari mweusi, itupe kwenye taka za kawaida.